Wimbo Niliowasingizia Watu wa Kisarawe

Jamani, kuna aibu mtu unaamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu waliokuwepo wanazidi kupungua na waliobaki wanaisimulia vibaya, basi bora itoke kwangu kuliko niisikie kwa jirani ikiwa imeshatiwa chumvi. Mimi ndiye yule shangazi aliyesimamisha harusi njiani kule Pangani (Pangani yetu hii ya Kibaha, msije mkanipeleka Tanga bure), bibi harusi kajifunua uso, ngoma zimenyamaza, na watu wa ukweni wote wametoka nje wanasikia mwali wao akifananishwa na trekta. Na yote hayo yalianzia kwenye neno moja nililolisema shambani nimeinama na jembe langu, neno lenyewe halikuwa hata na sababu ya kusemwa.

Enzi hizo ndiyo tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, ndani kidogo ukitoka Misugusugu, nyumba zimepangwa mstari, asubuhi shamba la kijiji, alasiri kisomo cha watu wazima, jioni ndiyo ukumbuke mihogo yako mwenyewe. Nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, Kondo. Miaka mingi nyuma niliolewa nikaachika, sikujaaliwa mtoto, nikarudishwa nyumbani na sanduku langu, na mtu ukisharudishwa na sanduku lako hata chumvi unaitia kwenye mboga huku unajishuku. Siku niliyorudi ndiyo nilimkuta kaka kafiwa na mkewe, kaachiwa kitoto kichanga kinalia na yeye kashika kichwa hajui pa kukishikia. Nikakiweka mgongoni kinyamaze kidogo tu, wenyewe wajue la kufanya. Kitoto chenyewe ndiyo Siwema, na mgongoni kwangu hakushuka tena. Kaka alikuja kuoa mara ya pili, akamwoa wifi Zaituni, mwanamke mwema mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto, lakini Siwema kila akiumia alikuwa anapita mlango wa wifi anakuja kulilia kwangu.

Sasa kwetu sisi mwali akitolewa kwenda kwa mume, wimbo wa njiani lazima utoke kwa shangazi, na uwe mpya, umetungwa kwa ajili ya mwali huyo. Ukitaka kutumia wa mtu mwingine inabidi uende kwa mwenyewe ukauombe kwa heshima na kanga mkononi, na hata ukipewa watu watasema pembeni kwamba mwali wenu katoka na nguo ya kuazima. Marehemu mama yangu alikuwa anatunga nyimbo hizo huku anachambua mchicha, wala hakosei. Mimi cherehani sikuwa nayo, mbuzi sikuwa naye, cha kumpa Siwema siku ya kuolewa kwake kilikuwa kimoja tu, huo wimbo, na huo wimbo ndio sikuamini kabisa kwamba ninauweza.

Siwema alipowekwa ndani, mimi ndiye nikawa wa kumsugua singo na kumsuka, na huku mikono inafanya kazi mdomo unang'ong'ona, natia neno, nalitoa, nalirudisha, nalichukia, naanza upya. Yeye kalala kifudifudi kimya, nikajua kasinzia. Baada ya siku nyingi za namna hiyo nikapata vipande viwili vilivyokaa. Nakumbuka nilivisema kwa sauti ya chini nikashtuka mwenyewe:

*Nenda mwanangu, nenda, njia tumeifagia,*
*Usigeuke kutazama, mlango hatukufunga.*

*Ukipika ukanikumbuka, usilie juu ya chungu,*
*Jiko la huku kwetu, moto hatukuuzima.*

Kilibaki kipande cha kuaga, kile cha kuimbwa mlangoni kwa mume, ambacho bila hicho mwali havuki kizingiti. Hicho kilinikatalia. Kila nikikigusa neno la kwanza halitoki, nikakiacha.

Basi siku moja tuko shamba la kijiji tunapalilia, wanawake tumejipanga mstari, nikaona nivijaribu vile vipande viwili, nisikie vinalia vipi kwenye hewa. Nikaimba taratibu. Jembe la wifi Zaituni likasimama. La jirani yake likasimama. Wifi akauliza, "We wifi, wimbo gani huo? Wa nani?"

Hapo, wenzangu, ndiyo pa kusema. Mtu mwenye akili zake angejibu "wangu." Lakini mimi nilimwangalia wifi usoni sikujua kama kaupenda au anataka kucheka, nikaona nikisema wangu halafu wakacheka nitaiweka wapi sura yangu, basi mdomo ukaniponyoka, "Aa, nimeusikia Kisarawe, nilipokwenda kwenye msiba wa mjomba." (Msiba ni kweli nilikwenda. Wimbo ndiyo uongo.) "Kisarawe kwa nani?" Nikataja jina la kwanza lililonijia, Bi. Chausiku, mtunzi wa kule ambaye sifa zake zilikuwa zimefika mpaka kwetu, mimi mwenyewe nilimwona kwa mbali tu siku ya hitima akigawa wali.

"Ndiyo maana!" wakasema wote. "Nikasema huu wimbo si wa mchezo!"

Nilifurahi mnajua? Mjinga mimi, nilifurahi, nikapalilia mpaka mwisho wa mstari natabasamu peke yangu. Wimbo ukaanza kutembea. Mara nausikia kisimani, mara kwenye kisomo wakati mwalimu anafuta ubao, mara wanaume wanaupigia mluzi wakipanda kuezeka ghala la kijiji. Na kila anayeimba anasema, wa Bi. Chausiku huo, wa Kisarawe. Nikawa kama mtu aliyempeleka mwanawe kulelewa, kila akipita anamsalimia lakini hawezi kumwita mwanangu.

Harusi ilipokaribia, wifi Zaituni akaja akakaa karibu yangu kwenye kigoda, sauti kaishusha (ukiona wifi kashusha sauti ujue kuna jambo). "Wifi, nakuona unavyokonda kwa huo wimbo wa Siwema. Usijisumbue tena. Si kila mtu kajaaliwa kama marehemu mama. Tukauombe ule wa Kisarawe, kanga nitatoa mimi."

Alisema kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyonichoma. Nikafungua mdomo niseme kweli. Halafu nikafikiri, nikisema sasa hivi ni wangu watasema huyu kaona wimbo umependwa ndiyo anaudai, mwizi wa mchana. Nikaufunga mdomo. Kesho yake wifi na kaka Kondo wakapanda basi mpaka Dar, wakaunganisha la Kisarawe, na mimi nyumbani nikawa naomba Mungu basi liharibike, au Bi. Chausiku asafiri, au aseme tu ukweli, kwamba wimbo huo haujui, yaishe.

Wakarudi wanacheka.

"Amekubali!" wifi akapiga kelele toka njiani.

"Amekubali nini?" nikauliza, maana kweli nilitaka kujua.

"Wimbo, wifi! Nilimwimbia, akafumba macho mpaka mwisho, akasema ndiyo, ni wangu huo, nilikuwa nimeusahau. Na atakuja mwenyewe kuuongoza, bila malipo!"

Sasa oneni kichwa cha mtu anayejishuku kinavyofanya kazi. Mwingine angekasirika. Mimi nilikaa chini nikaanza kujiuliza, hivi kweli sikuusikia kule? Labda siku ya hitima waliuimba jikoni ukaniingia bila kujua? Niliutunga mwenyewe neno kwa neno, nilijua mpaka mahali nilipokuwa nimekaa neno "njia" lilipokuja, lakini mtu mkubwa akisema wake, mimi ni nani? Nilifika mahali nikaamini nusu nusu kwamba nilimwibia.

Siku yenyewe tulipanda lori la ushirika tukashuka mwanzoni mwa Pangani, tuingie kwa miguu na ngoma kama inavyotakiwa. Mpangilio ukawa hivi: mbele wapiga ngoma, nyuma yao Bi. Chausiku na kanga mpya kafungwa kiunoni kama mwenye wimbo, halafu mwali kafunikwa gubigubi, halafu mimi nimemshika mkono kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nashikilia sanduku lake kichwani. Nyuma yetu wifi, kaka, Mwenyekiti wa kijiji na watu wote. Mwali haongei siku hiyo. Anatazama chini, analia kidogo kwa adabu, basi.

Bi. Chausiku alikuwa mfupi, mnene, meno yamebaki ya kuhesabika, lakini alipoufungua ule mdomo nilisahau sanduku. Maneno yangu yale ya kung'ong'ona yalitoka yamenyooka, yanakwenda mpaka kwenye minazi na kurudi. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakamtunza, hela zinabandikwa mpaka kwenye kipaji cha uso. Nililia mimi. Nililia kwa wivu na kwa raha pamoja, sijui kama mnanielewa, maana wimbo wangu ulikuwa haujawahi kupendeza hivyo na mimi mama yake niko nyuma nimebeba mzigo kama mgeni.

Nyumba ya bwana harusi ikaonekana, mama mkwe kasimama mlangoni na sinia. Bi. Chausiku akamaliza kipande cha pili, akarudia cha kwanza. Akamaliza, akarudia tena. Wapiga ngoma wakamtazama. Akaomba maji, akanywa, akarudia cha pili. Watu wakaanza kunong'ona, mbona haagi? Angeaga na nini maskini, wakati kipande cha kuaga hakuna mtu duniani aliyewahi kukisikia, kiko kooni kwangu kimenasa?

Siwema akanifinya mkono. "Shangazi," akanong'ona chini ya kanga, "aga."

"Nyamaza, mwali haongei."

"Aga, shangazi. Wimbo wako."

"Nimesema nyamaza."

Akasimama. Mwali akisimama njiani ni mkosi mkubwa, kila mtu anajua, na kwa vile alisimama ghafla waliokuwa nyuma wakatugonga, wa nyuma yao wakawagonga wao, ngoma zikakatika moja moja. Siwema akatoa ile kanga usoni mbele ya wakwe zake wote, akasema kwa sauti ambayo sijui aliificha wapi miaka yote ile, "Siendi mpaka shangazi yangu aimbe. Wimbo huu wa kwake. Si wa Kisarawe."

Na mimi badala ya kushukuru nikafanya nini? Nikageuka haraka kuwaambia watu, "Msimsikilize, mtoto ana homa!" na kwa kule kugeuka sanduku likanitoka kichwani, likapasuka chini, kanga, sufuria, udi, chupa ya mafuta ya nazi, vyote vikatapakaa njiani mbele ya mama mkwe, na mafuta yakamrukia Mwenyekiti kwenye suruali yake ya kaunda suti.

Wifi Zaituni akasogea. "Siwema, mwanangu, umejuaje wewe kama ni wake?"

"Nilikuwepo unatungwa. Alikuwa ananisugua singo anajua nimelala. Wimbo wa kuazima unakuja mzima, mama. Huu ulikuja vipande vipande, na vingine vilikuwa vibaya!"

"Vibaya vipi?" akauliza Mwenyekiti, huku anajifuta mafuta.

"Siwema," nikasema, "tafadhali sana." Maana nilijua anachokwenda kutoa. Nyie mnaotunga mnajua, mtu uko radhi wakuone bila nguo kuliko wakusikie mistari uliyoitupa. Lakini alishafungua mdomo, na akakiimba kile kipande changu cha kwanza kabisa, cha siku ya kwanza, nilichokitunga nikidhani mambo ya kisasa yatanisaidia:

*Mwali wetu trekta, trekta la kijiji,*
*Akiwaka asubuhi, mpaka jioni hazimiki!*

(Na trekta lenyewe la kijiji, mkumbuke, lilikuwa limelala chini ya mkorosho tangu mvua za mwaka uliopita, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.) Kaka Kondo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti alicheka akasahau suruali, wapiga ngoma wakaegemea ngoma zao, na mama mkwe kule mlangoni kashika nguzo, machozi yanamtoka, akaita, "Basi tuleteeni hilo trekta letu, mbona mnatuchelewesha!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimesimama katikati ya kicheko cha vijiji viwili, kanga imenivuka kichwani, miguuni mafuta ya nazi. Nikasubiri kufa. Na ajabu ni kwamba sikufa. Lile nililoliogopa kwa miezi mizima, kuchekwa, lilikuwa limeshafika, limenipata lote, na mkono wa Siwema bado ulikuwa ndani ya wangu, wala hakuulegeza.

Bi. Chausiku akaja mpaka mbele yangu. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba," akaifungua ile kanga kiunoni kwake, akanifunga mimi mwenyewe, akalivuta fundo mpaka nikakohoa. "Haya, mwenye wimbo. Muage mtoto, jua linazama."

"Sijakimaliza," nikamwambia.

"Kimalizie hapa hapa. Sisi wote tuna muda."

Nikamgeukia Siwema. Sikutazama watu tena, nilimtazama yeye, alivyokuwa mkubwa kuliko mimi, na kikatoka, kwa sauti ya kukwaruza, wala si ya kupendeza, lakini kikatoka:

*Sikukuzaa mwanangu, nilikubeba tu,*
*Leo mgongo wangu mwepesi. Nenda, mama, nenda tu.*

Ngoma hazikulia. Kaka Kondo aliyekuwa anacheka alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti. Wifi Zaituni, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, akapokea, "Nenda, mama, nenda tu," watu wote wakapokea, ngoma zikaingia, na mtoto wangu akavuka kizingiti. Hakugeuka kutazama, kama nilivyomwambia. Nilimpenda zaidi kwa hilo, na liliniuma zaidi.

Baadaye wakati wa kula nilikwenda kukaa karibu na Bi. Chausiku, nikamwomba radhi kwa kumwingiza kwenye uongo wangu. Sikujizuia nikamuuliza pia, kwa adabu, kwa nini na yeye alikubali wimbo usio wake. Alitafuna nyama yake polepole kwa upande wenye meno.

"Mwanangu, nimetunga nyimbo nyingi mno, nyingine nimezisahau. Wifi yako aliponiimbia ule, nililia. Nikasema, huu lazima wangu, maana za wenzangu hazijawahi kuniliza." Akaniangalia kidogo. "Ulinitia aibu leo. Lakini aibu niliyoiona kubwa ni moja, kwamba hujui ulicho nacho."

Nikamwongezea wali.

Basi ndiyo hivyo. Adhabu yangu inaendelea mpaka leo, maana uongo ukishapanda basi hauteremki kirahisi. Nimeshasikia wimbo ule Maili Moja, nimeusikia Mlandizi, na juzi juzi tu mwanamke mmoja kwenye harusi aliniambia, bibi, huo ni wimbo wa zamani wa Kisarawe, nikambishia mpaka chai ikapoa, hakuniamini hata kidogo. Siwema mwenyewe ana wajukuu sasa, akija anawaimbia ule wa trekta, ndio wanaoupenda, nami nimezoea. Nimetunga nyingine nyingi tangu hapo, na niliapa siku ile ile, mafuta yakiwa bado miguuni, kwamba nikiulizwa wa nani nitajibu wangu kabla sijauangalia uso wa anayeuliza. Ukiwa mbaya nichekeni mimi, watu wa Kisarawe waacheni, hawajafanya kosa lolote.